Je, wajua kwa nini "subjonctif passé" ya Kifaransa, yaani dhamira tegemezi (kama "niondoke") ya wakati uliopita, yaweza kuzungumzia kesho?

Nilipokuwa najifunza Kifaransa niliandika katika insha sentensi hii: "Ma mère voulait que je sois parti tôt." Nilikusudia kusema kwamba mama alitaka niondoke mapema, na kwa kuwa "voulait", yaani "alitaka", ni kitenzi cha wakati uliopita, niliamini kwamba kitenzi kinachokifuata nacho lazima kipelekwe wakati uliopita. Mwalimu aliyakata maneno "sois parti" kwa wino mwekundu na kuandika juu yake neno moja: "parte". Sentensi yangu haikuwa na kosa la umbo hata moja. Kosa lake ni kwamba ilisema jambo jingine kabisa: mama alitaka niwe nimekwisha kuondoka.

Umbo "sois parti" ndilo "subjonctif passé", na "parte" ni "subjonctif présent", ya wakati uliopo. Jina ndilo linalopotosha. "Passé" maana yake ni "iliyopita", na msomaji hudhani kuwa imepita kwa kupimwa na leo. Sivyo. Umbo hili hupimwa na kitenzi cha kishazi huru, popote kilipo. Mchukulie mtu aliyesimama kituoni akingoja basi. Basi lililokwisha kumpita linahitaji "subjonctif passé". Basi lililo mbele yake sasa hivi, au lile ambalo bado liko njiani linakuja, linahitaji "subjonctif présent". Haidhuru mtu huyo alisimama pale jana, amesimama leo au atasimama kesho. La kuuliza ni kama basi limeshampita au la. Katika insha yangu, mama ndiye aliyekuwa kituoni, na kuondoka kwangu kulikuwa bado njiani, kwa hiyo "parte" ilitosha. Vivyo hivyo, "je regrettais qu'il parte" ni "nilisikitika kwamba anaondoka", na "je regrettais qu'il soit parti" ni "nilisikitika kwamba ameshaondoka". Kitenzi cha kusikitika hakijabadilika hata herufi moja.

Hisia yangu ya kutaka wakati ubadilike haikuwa ngeni kwa Kifaransa chenyewe. Kanuni ya zamani ilidai umbo la tatu, "que je partisse", kila kitenzi kikuu kilipokuwa cha wakati uliopita au cha masharti. Mwaka 1901 serikali ya Ufaransa ilitoa waraka wa kulegeza sarufi katika mitihani, ukaruhusu mtahiniwa aandike "il faudrait qu'il vienne" badala ya "qu'il vînt". Leo "partisse" na "vînt" hukutwa zaidi katika maandishi ya kifasihi, na "présent" imechukua nafasi yao.

Jinsi ya kuliunda umbo hili ni jambo ambalo mzungumzaji wa Kiswahili analo tayari kinywani. Tunasema: "Ni lazima uwe umemaliza kabla ya saa sita mchana." Kitenzi "kuwa" kimechukua kiishio "-e" cha dhamira tegemezi, kisha kitenzi chenye maana yenyewe kikafuata kikiwa na "-me-" ya tendo lililokamilika. Mfaransa husema: "Il faut que tu aies fini avant midi." Neno "aies" linafanya kazi ya "uwe", na "fini" inafanya kazi ya "umemaliza". Saa sita haijafika, pengine kazi yenyewe haijaanza, na bado umbo linaloitwa "passé" ndilo linalofaa, kwa sababu kinachotakiwa ni kwamba itakapofika saa hiyo kazi iwe imekwisha.

Hivyo vya kukariri ni vitenzi visaidizi viwili tu. "Avoir" hutoa aie, aies, ait, ayons, ayez, aient. "Être" hutoa sois, sois, soit, soyons, soyez, soient. "Être" huandamana na vitenzi kama aller, venir, partir, naître na mourir, pamoja na vile vya kujitendea kama se laver. Vingi vilivyobaki huandamana na "avoir". Baada ya "être", umbo la tendo lililokamilika hufuata jinsia na idadi ya mtenda: "qu'il soit venu", lakini "qu'elles soient venues". Baada ya "avoir" hufuata shamirisho iliyotangulia, kama katika sentensi hii ninayoipenda sana: "C'est la plus belle lettre qu'il ait écrite", yaani "ndiyo barua nzuri kuliko zote alizowahi kuandika". Ile "e" ya mwisho katika "écrite" inaifuata barua, kama "-zo-" yetu inavyozifuata barua.

Ulinganisho huu, hata hivyo, unahusu muundo pekee, si mahali pa kuutumia. Kiswahili husema "nafurahi kwamba umekuja" bila "-e" yoyote, ilhali Kifaransa hudai "je suis content que tu sois venu", kwa sababu furaha, hofu na shaka huita "subjonctif". Hata matumizi ya Wafaransa wenyewe hayalingani na vitabu vyao kila mara: vitabu vya sarufi husema baada ya "après que" itumike hali ya kawaida, "après qu'il est parti", lakini "après qu'il soit parti" husikika kila siku vinywani mwa watu waliosoma vizuri.