Mtindi unaokunywa Tanga, bakteria wake bado wazima?

Habari zenu wana Tanga. Kwenye meza yetu ya ushauri wa lishe siku hizi swali linaloongoza sio presha wala sukari, ni vile vidonge vya probayotiki, yaani vya bakteria hai, mnavyouziwa bei mbaya, eti vinasafisha tumbo, vinakata kitambi, vinaongeza kinga, wengine wanaambiwa vinatoa mpaka mikosi, basi leo tuliongelee hili.

Kwenye utumbo mpana wanaishi bakteria wengi mno. Mwaka 2016 watafiti walipiga hesabu upya wakapata kama trilioni 38 kwa mwanaume wa kilo 70, yaani wanakaribiana na seli zetu wenyewe (ile ya kusema wanatuzidi mara 10 ilishasahihishwa zamani, ila kwenye magrupu bado inazunguka tu). Kazi wanayo kweli. Nyuzinyuzi za maharage, mchicha na dona sisi hatuwezi kuzimeng'enya, wao wanazichachusha wanatoa asidi, mojawapo inaitwa butireti, na hiyo ndo inayolisha seli za ukuta wa utumbo. Sasa mtu anashindia chapati za ngano nyeupe na soda halafu ananunua kopo la probayotiki, huyo kaalika wageni nyumba haina hata unga.

Kuna mwanasayansi anaitwa Gregor Reid, wa Chuo Kikuu cha Western kule Kanada, huyu 2001 aliongoza jopo la FAO na WHO (mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na afya) lililosema nini kiitwe probayotiki: lazima vijidudu viwe hai, viwe vya kutosha, na viwe na faida kiafya kwa anayevitumia. Shika hayo ukienda dukani, utaona makopo mengi yanakwama hapohapo. Na faida inaenda na aina, kwamba bakteria fulani amesaidia kupunguza kuharisha haina maana ndugu yake naye anasaidia, hata kama jina la ukoo ni moja.

Chuo chake hichohicho kilikuja kwetu, 2004 wakaanza mradi Mwanza na kina mama wa kule, wakawa wanatengeneza mtindi wenye bakteria anayeitwa GR-1, wakauita Fiti. Baadaye wakapima wajawazito na watoto wa shule, matokeo yakatoka 2014: wajawazito waliokunywa mtindi ule, sumu za zebaki na aseniki kwenye damu hazikupanda kama kwa wenzao, ila kwa watoto tofauti haikuwa ya kutegemea. Utafiti wenyewe ulikuwa mdogo, wa majaribio. Mimi napenda walivyoandika na hilo la watoto bila kulificha, wauza vidonge wangekuonyesha upande mmoja tu.

Haya, tuje kwenye maziwa mgando yetu. Wengi mnagandisha nyumbani, mnachemsha maziwa, mnaacha yapoe mpaka kidole kinavumilia, mnaweka vijiko vya mgando wa jana, mnafunika mpaka asubuhi. Safi kabisa. Shida ni wale wanaoruka kuchemsha kwa sababu "yakiganda vijidudu vinakufa". Havifi vyote jamani! Ile homa ya ng'ombe kutupa mimba inaingia kwa binadamu kupitia maziwa mabichi, na uchachu hauna uhakika wa kuiua, kifua kikuu cha ng'ombe hivyohivyo. Chemsha kwanza, gandisha baadaye. Ukishagandisha usichemshe tena, na mgando ukiungia mchuzi bakteria wanakufa, protini na kalsiamu zinabaki kwa hiyo chakula ni kizuri tu, ila usihesabu kama probayotiki. Tena hata ule wa baridi, ambao bakteria wake wapo hai, sio lazima uwe probayotiki kwa maana ya kina Reid mpaka aina yake ipimwe, japo bakteria wa mtindi wa kawaida wanasaidia kumeng'enya sukari ya maziwa, ndo maana mtu anajaa gesi akinywa maziwa fresh lakini mgando anapiga glasi nzima hana neno.

Togwa nayo msiidharau. Utafiti wa hapahapa Tanzania uliotoka 1999 ulionyesha watoto waliopewa uji wa togwa walipungukiwa na bakteria wa kuharisha kwenye choo kuliko waliopewa uji usiochachushwa.

Halafu hii tabia ya kununua amoksilini na flajili kila tumbo likinguruma, dawa haichagui, inafyeka hata wale wazuri, acheni kunywa bila kuandikiwa.

Mtoto akiharisha cha kwanza ni ORS na zinki, mtindi unafuata kama chakula kwa aliyeanza kula, wa chini ya miezi 6 ni ziwa la mama. Mtoto njiti, au mtu ambaye kinga imeshuka sana, vidonge vya bakteria hai asipewe kienyeji, muulizeni daktari anayemtibu, maana kwa watu hao bakteria wamewahi kuingia mpaka kwenye damu.