Ripoti mbili za mapafu zinapogongana

Mgonjwa anapiga eksirei ya kifua, ripoti inasema mapafu ni safi. Kikohozi hakiishi, anapelekwa CT skani, na ripoti ya pili inasema kuna kinundu cha milimita 7 kwenye pafu la kulia. Swali la kwanza analoniuliza huwa ni hili: daktari, nani amekosea? Kazi yangu ni kusoma picha hizi, na mara nyingi jibu ni kwamba hakuna aliyekosea.

Eksirei ni kivuli. Mbavu, moyo, mishipa ya damu na kiwambo (msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu) vyote vinalaliana kwenye picha moja bapa. Kinundu kidogo kikiwa nyuma ya moyo au ubavu, hata mtu mwenye uzoefu mkubwa anaweza asikione. CT inapita kifuani kipande kwa kipande, hivyo maficho hayo hayapo. Kinyume chake hutokea pia: eksirei inaonyesha doa, CT inakuta ni chuchu tu, au mahali mbavu zilipopishana. Hapo CT ndiyo ya kuaminiwa.

Kazi ngumu huanza CT mbili zinapotofautiana. Ya kwanza imeandika milimita 6, ya pili 7, na mgonjwa tayari halali usiku kwa sababu "kimekua". Tulia kidogo. Wasomaji wawili wakipima kinundu kilekile kwenye picha ileile, wanaweza kupishana kwa milimita moja au zaidi. Pengine safari moja ulivuta pumzi vizuri, safari nyingine hukuvuta. Pengine picha moja ilikatwa vipande vya milimita 5 na nyingine vya milimita 1. Kwenye vipande vinene kingo za kinundu hufifia, na kinundu kidogo kinaweza kupotea kabisa.

Lakini milimita hizo si za kupuuzwa pia. Kinundu cha mviringo kikitoka milimita 6 hadi karibu 7.6, ujazo wake umeshakuwa mara mbili. Ndiyo maana siridhiki na tarakimu zilizoandikwa kwenye ripoti ya zamani. Nafungua picha zote mbili, naziweka sambamba, napima upya mwenyewe kipande kinacholingana na kipande. Ripoti nyingi "zinazogongana" huishia hapo.

Kuna aina nyingine inayotuweka njia panda: doa lenye ukungu, ambalo mishipa ya damu bado inaonekana ndani yake. Mmoja ataandika ni maambukizi, mwingine ataandika huenda ni saratani inayokua polepole. Kwa picha ya siku moja, wote wanaweza kuwa na hoja. Maambukizi huisha, na picha ya baada ya miezi kadhaa itaonyesha hivyo. Doa likibaki palepale, tunaanza kulifuatilia kwa miaka. PET skani nayo haikati kila shauri. Inaonyesha mahali sukari inatumika kwa wingi, na kifua kikuu au fangasi wa mapafu huwaka kama saratani, ilhali saratani changa chini ya milimita 8 inaweza isiwake.

Sasa, maoni ya pili. Kuyaomba ni haki yako, na daktari mzuri hachukii. Ila nakusihi: usipeleke ripoti peke yake. Nikisoma maneno ya mwenzangu bila picha, nitakachokupa ni maoni juu ya maneno yake, si juu ya mapafu yako. Watu hunitumia picha ya simu ya filamu iliyoshikwa dirishani, na kwa kweli siwezi kuwasaidia. CT ya kifua yenye vipande vyembamba ina mamia ya picha, na kwenye filamu hutoka chache tu, tena ndogo. Omba hospitali ikupe faili halisi zote kwenye CD au flashi.

Tafuta na picha za zamani, hata ile uliyopigwa kwa sababu nyingine kabisa. Kinundu kigumu, yaani kisicho na ukungu kwenye picha, ambacho hakijabadilika kwa miaka miwili kwa kawaida si saratani, na hakuna mashine mpya inayoweza kunipa taarifa hiyo.

Halafu nieleze historia yako. Mwongozo wa mwaka 2017 wa Fleischner Society, chama cha kimataifa cha wataalamu wa picha za kifua, ambao wengi wetu tunautumia, unasema kinundu kigumu kilicho chini ya milimita 6 kwa mtu asiye na hatari kubwa ya saratani hakihitaji kufuatiliwa kwa utaratibu. Cha milimita 6 hadi 8 hurudiwa CT baada ya miezi 6 hadi 12. Mwongozo huo haumhusu aliye chini ya miaka 35, mwenye kinga dhaifu, wala aliyewahi kuugua saratani. Kwa hiyo umewahi kuvuta sigara? Umewahi kutibiwa kifua kikuu au saratani? Ukininyima majibu hayo, naweza kukupa ushauri unaomfaa mtu mwingine.

Usifiche ripoti ya kwanza ukidhani unanipima. Mimi husoma picha kwanza, kisha ripoti, na pale tulipotofautiana narudi kuangalia tena. Na ukiwa unakohoa damu, unapungua uzito bila sababu au pumzi inakubana, usikae ukisubiri maoni ya pili. Muone daktari sasa, picha zitafuata.

Tukiendelea kutofautiana, sikushauri utafute msomaji wa tatu ili kura ziamue. Omba kesi yako ijadiliwe na jopo: wa mapafu, wa upasuaji, wa radiolojia, wakae pamoja na picha zako. Wanaweza kuamua kuchukua kipande kidogo cha kinundu kwa sindano ili kipimwe, ingawa sindano hiyo inaweza kusababisha hewa kuvuja kutoka pafuni, kwa hiyo si kila kinundu kinachomwa. Au watakupa tarehe ya kurudia CT. Iandike tarehe hiyo, na ikiwezekana ipigwe kwenye mashine ileile, kwa vipande vyembamba vilevile.