Je, wajua kwa nini kila ofisi hukuuliza upya taarifa zako?

Umehama Mbagala, sasa unaishi Kibaha. Benki umewaambia. Mfuko wa pensheni hukuukumbuka, na hospitali bado wana faili lako la 2014 lenye anwani ya chumba cha kupanga ambacho hata wewe umekisahau. Una anwani tatu, na hakuna kompyuta hata moja iliyoharibika.

Mifumo mingi hukua hivyo. Kila idara hununua programu kwa bajeti yake, huanzisha orodha yake ya watu, kisha hukuletea fomu yake. Hakuna aliyekaa akauliza: taarifa hii mwenyewe nani? Hapo ndipo usanifu wa mifumo ya taasisi unapoanzia, ingawa wataalamu wake hupenda kulizungushia swali hilo michoro hadi lisionekane.

Estonia walilijibu mapema. Wengi hudhani walijenga ghala moja kubwa la taarifa za wananchi wote. La hasha. Mwaka 2001 walianza kutumia X-tee, ambayo nje ya nchi huitwa X-Road: njia ya mifumo kuulizana kupitia intaneti. Kila rejista hubaki kwa mwenyewe. Polisi akitaka kujua gari ni la nani, mfumo wake humwuliza anayetunza rejista ya magari papo hapo. Swali na jibu husafiri yakiwa yamesimbwa, yaani yamefichwa asiweze kuyasoma mwingine, na hubaki kumbukumbu ya nani aliuliza na saa ngapi. Zaidi ya hapo, sheria yao inakataza kuanzisha kanzidata nyingine ya kukusanya taarifa zile zile. Kwangu mimi, katazo hilo ndilo lenye kazi kubwa. Programu yenyewe msimbo wake, yaani maandishi yaliyoiunda, uko wazi, yeyote anaweza kuichukua bure.

Tanzania wengi tumeuonja mtindo huu bila kuujua. Usajili wa laini za simu kwa alama za vidole, ulioanza Mei 2019, ulikutaka utaje namba ya NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa, na kuweka kidole tu. Majina yalitoka NIDA, wakala hakuyaandika upya.

Ubaya wake ni kwamba jina likikosewa herufi moja kwa mwenye rejista, kosa huenda kila mahali. Ila ukilisahihisha hapo, kwingine kote hunyooka, mradi hakuna ofisi iliyokwisha kujinakilia orodha pembeni kwenye Excel.