Je, klamidia ya zamani yaweza kukwamisha upandikizaji wa mimba?

Mwanamke aliyewahi kuugua klamidia, ugonjwa wa zinaa unaoletwa na bakteria, akatibiwa akapona, akifika kliniki ya uzazi huwa na hofu moja: je, ugonjwa ule utaniharibia na hapa? Mara nyingi jibu ni hapana. Kingamwili za klamidia zikionekana kwenye damu, zinaonyesha tu kwamba mwili uliwahi kupambana na bakteria hao. Kizazi chaweza kuwa kizima kabisa.

Cha kuchunguza ni mirija ya uzazi, inayounganisha ovari na mfuko wa uzazi. Klamidia hupanda kutoka mlango wa kizazi hadi huko, mara nyingi bila maumivu wala uchafu, ndiyo maana wengi hawajui kama waliwahi kuwa nayo. Ndani ya mrija mna vinyweleo vidogo mno vinavyosukuma yai kuelekea mfuko wa uzazi. Vikiharibika, na makovu yakagandisha kuta, yai na mbegu havikutani. Antibiotiki ya doksisaiklini ya siku 7 huua bakteria, lakini kovu hubaki.

Upandikizaji huukwepa mrija. Mayai hutolewa kwenye ovari kwa sindano, hurutubishwa maabara, kisha kiinitete huwekwa ndani ya mfuko wa uzazi. Lesley Brown wa Uingereza alikuwa na mirija iliyoziba, na Julai 1978 akamzaa Louise, mtoto wa kwanza duniani kupatikana kwa njia hii.

Ila kuna hali moja inayotibua mambo, na ningependa kila mwanamke aiulizie kabla hajalipia chochote. Mrija ulioziba mwishoni, upande wa ovari, huweza kujaa majimaji ukavimba. Majimaji hayo huvuja hadi kwenye mfuko wa uzazi na kukisumbua kiinitete kabla hakijajishikiza, na uwezekano wa mimba hushuka kwa karibu nusu. Mrija huo ukiondolewa kwa upasuaji wa matundu madogo, au ukizibwa pale unapoingia kwenye mfuko wa uzazi, nafasi hupanda tena. Kukubali kukatwa mrija huku unatafuta mtoto si jambo jepesi, na daktari anayelieleza kwa dakika mbili hamtendei haki mgonjwa wake.

Hata mimba ikishika, mwenye mirija yenye makovu yumo hatarini zaidi kupata mimba nje ya kizazi. Apigwe utrasaundi mapema, kwenye wiki ya 6 hivi, na akisikia maumivu ya upande mmoja wa tumbo, kizunguzungu au akaona damu, aende hospitali siku hiyo hiyo.