Mgao wa maji hauanzi siku mvua inapokata

Dhana: Ukame ni kazi ya Mungu, mamlaka ya maji haina la kufanya ila kusubiri mvua.

Mvua kweli hatuiamuru. Lakini Dar es Salaam ilipoingia kwenye mgao Oktoba 2022, tatizo halikuwa mvua peke yake. Mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini, yenye uwezo wa kuzalisha lita milioni 466 kwa siku kwa pamoja, huvuta maji moja kwa moja kutoka mto Ruvu. Hapakuwa na bwawa la akiba. Maji ya masika yalipita mbele ya mitambo yakaishia baharini. Vuli ilipochelewa, uzalishaji ukashuka hadi karibu lita milioni 300. Wenye matangi walihimili, wengine wakarudi kwenye madumu na bei za maboza. Bwawa la Kidunda kwenye mto huo, lililokusudiwa kuhifadhi lita bilioni 190, lilikuwa limezungumzwa kwa miongo.

Dhana: Bwawa likishajengwa, tumepona.

Natamani kila anayepanga maji yetu akisome kisa cha Cape Town, Afrika Kusini. Mji ule una mabwawa makubwa sita, na mwaka 2014 yalikuwa karibu kujaa. Ikafuata misimu mitatu ya mvua haba. Mwanzoni mwa 2018 sehemu kubwa ya Theewaterskloof, bwawa kubwa kuliko yote, ilikuwa mchanga na visiki. Mji ukatangaza Siku Sifuri: akiba ikishuka hadi asilimia 13.5, mabomba ya majumbani mengi yafungwe na kila mtu apange foleni kuchota lita 25 kwa siku.

Siku hiyo haikufika. Mvua za katikati ya 2018 zilikuta matumizi yameshashuka kutoka takriban lita bilioni 1.2 kwa siku hadi kama nusu yake. Kuanzia Februari 1 kiwango kilikuwa lita 50 kwa mtu kwa siku. Bei ya maji ilipanda kwa wanaotumia mengi. Presha ilipunguzwa eneo kwa eneo, maana ikishuka, hata bomba lililopasuka huvujisha kidogo. Wakulima wa Groenland, eneo la mashamba jirani na Cape Town, nao waliupa mji lita bilioni 10 kutoka kwenye mabwawa yao.

Dhana: Wanaomaliza maji ni watu wa mitaa duni.

Cape Town mitaa hiyo ilitumia kama asilimia 5 tu ya maji ya mji. Bustani na mabwawa ya kuogelea yalikuwa kwingine.

Dhana: Kila mtu achimbe kisima, basi.

Visima vinasaidia sana, na Kigamboni ni chanzo cha kutegemewa. Ila pwani, ukivuta kupita kiasi, maji ya bahari huingia chini ya ardhi, na kuiondoa chumvi hiyo huchukua miaka mingi.

Dhana: Mpango wa ukame huandikwa ukame ukifika.

Ukishafika, kila uamuzi unakuwa ugomvi. Mpango wa maana unataja mapema kina cha mto ambacho kikifikiwa tahadhari inatangazwa, na kile ambacho kikifikiwa mgao unaanza. Unasema hospitali ipi haikatiwi kamwe, maboza yatachota wapi na kuuza kwa bei gani, na mitaa ya mlimani, ambako presha hufika mwisho, itapelekewa maji na nani. Hayo yajadiliwe masika, Ruvu ikiwa imefurika, na ratiba ya mgao ibandikwe ofisi ya serikali ya mtaa kabla mto haujaanza kupungua.