Valvu za Zamani katika Amplifaya ya Gitaa: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Dhana inayowapotosha wapiga gitaa kuliko zote ni kwamba valvu ya utupu ya zamani (chupa ya kioo isiyo na hewa inayokuza mawimbi ya umeme) ikipimwa kwenye testa na mshale ukasimama kwenye eneo la kijani, basi valvu hiyo ni nzima na inafaa soketi yoyote inayoipokea. Ukweli ni kwamba kila testa hujibu swali moja tu, lile iliyoundwa kulijibu. Testa nyingi za bei nafuu za miaka ya 1950 na 1960 hupima utoaji wa elektroni peke yake: huziunganisha gridi (waya unaoudhibiti mkondo) na anodi (sehemu inayopokea elektroni) pamoja, valvu ikawa kama diodi, yaani kifaa cha kupitisha mkondo upande mmoja tu, kisha huonyesha kama kathodi, sehemu inayotoa elektroni ikipata moto, bado inatoa za kutosha. Kipimo hicho hakisemi lolote kuhusu uwezo wa gridi wa kuudhibiti mkondo, ilhali uwezo huo ndio unaokuza sauti ya gitaa. Testa za daraja la juu, kama zile za Hickok za Marekani au AVO CT160 ya Uingereza, hupima jinsi mkondo wa anodi unavyobadilika pale volti ya gridi inapobadilishwa, na kwa hiyo majibu yake ni ya kuaminika zaidi. Hata hivyo, hakuna testa kati ya hizo inayosikiliza, na valvu yenye namba nzuri kabisa inaweza kuwa na kelele isiyovumilika.

Ndiyo maana kwa valvu ndogo za mwanzo, zile zinazoanza kuyakuza mawimbi ya gitaa, kama 12AX7 ambayo Ulaya huitwa ECC83, testa ya kweli ni amplifaya yenyewe. Valvu hiyo ina kipeo cha ukuzaji cha 100, yaani ukomo wake wa kinadharia, lakini katika saketi ya kawaida yenye rezista ya kiloomu 100 kwenye anodi, hukuza mawimbi mara 60 hivi. Kelele ikizaliwa katika nafasi ya kwanza, ile inayopokea mawimbi moja kwa moja kutoka kwenye gitaa, hupita hatua zote zinazofuata na kukuzwa pamoja na muziki. Kelele ileile ikizaliwa katika nafasi ya mwisho kabla ya valvu za nguvu, zile kubwa zinazoendesha spika, hukuzwa kidogo sana na huenda isisikike kamwe. Washa amplifaya ikiwa imeunganishwa na spika yake, iache ipate moto, usichomeke gitaa, pandisha sauti hadi kiwango unachopigia, kisha sikiliza. Baada ya hapo gonga kioo polepole kwa ncha ya penseli ya mbao. Valvu ya nafasi ya kwanza karibu kila mara italia kidogo, na huo si ubovu; lakini ikilia kama kengele na mlio ukaendelea baada ya penseli kuondoka, au ikaanza kupiga yowe yenyewe, basi inadaka mtikisiko wa spika na haifai hapo, hasa amplifaya na spika zikiwa ndani ya kasha moja.

Valvu ya namna hiyo haistahili kutupwa. Ihamishie kwenye nafasi inayoyagawa mawimbi kuwa mawili yaliyo kinyume kwa ajili ya valvu za nguvu, na mara nyingi itafanya kazi hapo kwa miaka bila kasoro kusikika. Kuhusu nafasi hiyo pia kuna dhana kwamba lazima iwe na valvu ambayo nusu zake mbili (12AX7 ni kama valvu mbili ndani ya kioo kimoja) zimelingana kabisa, nayo huuzwa kwa bei ya juu zaidi. Saketi iliyozoeleka tayari ina rezista zisizolingana, kiloomu 82 upande mmoja na kiloomu 100 upande wa pili, kwa sababu pande zake hazikuzi sawa tangu mwanzo. Tofauti ndogo kati ya nusu za valvu haina uzito wa kulipiwa.

Kwa valvu za nguvu hali ni tofauti, na hapa ndipo ninapoomba msomaji awe makini zaidi, kwa kuwa kosa la hapa linaweza kuunguza transfoma. Wengi huuliza tu kama valvu ina nguvu. Swali la kwanza lilipaswa kuwa kama gridi yake inavujisha mkondo. Valvu iliyokaa miongo kadhaa inaweza kuwa na gesi kidogo ndani, au uchafu kati ya sehemu zake, na mkondo mdogo ukapita kwenye gridi mahali ambapo haukutakiwa kuwapo. Chukua mvujo wa mikroampea 5 kwenye rezista ya gridi ya kiloomu 220: gridi itasogea upande wa chanya kwa volti 1.1, valvu ipitishe mkondo zaidi, ipate moto zaidi, na moto huo uongeze mvujo. Mzunguko huo ukiachwa, anodi huanza kuwa nyekundu. Kwa hiyo testa isiyo na kipimo cha mvujo haitoshi kuidhinisha 6L6GC au EL34 ya zamani, hata mshale wake ukienda mwisho wa kijani.

Wapo wanaosema kwamba valvu za nguvu huchomekwa na kupigiwa mara moja, na wapo wanaosema kwamba kila valvu inayobadilishwa hudai bayasi irekebishwe, yaani volti ya gridi inayopanga mkondo wa valvu wakati hakuna muziki. Kauli zote mbili zina kosa. Valvu ndogo za mwanzo hujipangia bayasi kupitia rezista ya kathodi na hazihitaji marekebisho. Amplifaya zenye valvu za nguvu za mtindo huohuo wa kathodi huvumilia pia, ingawa kupima bado ni busara. Amplifaya yenye bayasi ya kudumu, ambayo gridi hupewa volti hasi kutoka nje, ndiyo inayohitaji kupimwa kila valvu zake za nguvu zinapobadilishwa. Mfano: 6L6GC ina kikomo cha wati 30 kwenye anodi, na mafundi wengi hawavuki asilimia 70 ya kikomo hicho, yaani wati 21, wakati hakuna muziki unaopigwa. Anodi ikiwa na volti 420, gawanya 21 kwa 420, utapata miliampea 50 kuwa ukingo wa juu, na hakuna ubaya kukaa chini yake. Anayepima ajue kwamba kuzima swichi na kuchomoa waya hakutoshi, kwa kuwa kapasita kubwa za amplifaya zinaweza kubaki na volti za kuua. Asiyejua kuziondolea chaji ampe fundi kazi hiyo.

Soketi kufanana si ruhusa. 6V6 na 6L6 zina mpangilio mmoja wa pini, lakini hita ya 6V6, waya unaoipasha kathodi moto, hutumia ampea 0.45, ya 6L6 ampea 0.9, na ya EL34 ampea 1.5, hivyo transfoma iliyotengenezwa kwa ajili ya ya kwanza inaweza kuzidiwa na nyingine. Kwa valvu ndogo hatari ni ndogo zaidi: 5751, yenye kipeo cha 70, hukaa vizuri mahali pa 12AX7 kwa anayetaka sauti ichelewe kukwaruza.

Jina lililochapwa kwenye kioo nalo huaminiwa kupita kiasi. Makampuni yaliuziana valvu na kuziandika majina yao, na maandishi hayo hufutika hata kwa kidole. Tazama alama zisizofutika kirahisi: alama ya almasi chini ya kioo, katikati ya pini, kwa Telefunken, herufi B katika msimbo ulio karibu na pini kwa kiwanda cha Mullard cha Blackburn, namba 274 kwa RCA na 312 kwa Sylvania katika misimbo ya Kimarekani. Boksi jipya si ushahidi wa valvu mpya. Doa la rangi ya fedha ndani ya kioo likigeuka jeupe kama maziwa, hewa imeingia na valvu imekufa.

Mwanga wa buluu huwatia watu hofu bure. Ukiwa umetanda juu ya uso wa kioo cha valvu ya nguvu, ni elektroni zinazokigonga, na hauna madhara. Wa kuogopwa ni ule wa zambarau au waridi ulio katikati ya sehemu za ndani, kwa kuwa huo unaonyesha gesi.

Mwisho kuna mazoea ya kubadilisha valvu zote kwa pamoja. Valvu za nguvu huchoka mapema, na ni sawa kuzibadilisha kwa jozi iliyolingana, kwa kuwa ulinganifu huo hupunguza mvumo wa umeme kwenye spika. Valvu ndogo huweza kuishi maelfu ya saa. Kinachosaidia ni kuwa na 12AX7 moja unayoiamini: iingize nafasi moja baada ya nyingine, ukizima na kusubiri kioo kipoe kila mara, mpaka kelele itoweke. Nafasi ambayo kelele imetoweka ndiyo yenye valvu mbovu, na hiyo peke yake ndiyo ya kutolewa.