Hulme: wapangaji hawakuyaharibu maghorofa yao

Ikitajwa Hulme, mtaa wa jiji la Manchester, wengi husema wapangaji ndio walioyaharibu maghorofa yao. Si kweli, na ni kuwaonea. Majengo yale manne marefu, yaliyopinda kama mwezi mwandamo, yalikamilika mwaka 1972 yakiwa na kasoro tayari. Nyumba zilipashwa joto kupitia sakafuni. Mafuta yalipopanda bei mwaka 1973, familia nyingi zilishindwa kulipia, na unyevu ukatanda kutani. Mende walipenya kwenye mianya ya mabomba, nyumba hadi nyumba. Mwaka 1974 mtoto alianguka kutoka roshani akafa. Mpangaji angezuia lipi hapo? Miaka ya 1990 yalibomolewa, barabara za kawaida zikarudi, na safari hii wakazi walishirikishwa kupanga.